Mstari wa Nne

Mstari wa nne ulikuwa wa manjano tangu barabarani hadi mtaroni. Orvin Tveit alipiga goti akashika jani. Mishipa ya jani ilikuwa bado kijani, lakini katikati yake rangi ilikuwa ya siagi, na kingo zimeanza kuungua. Akahamia mstari wa pili. Huo ulikuwa na mbegu ya zamani, ya bei rahisi, ambayo hakuna wakala aliyetaka tena hata kuitaja, na ulikuwa kijani kiasi cha kukera. Mistari sita, aina sita za soya, zote zimepandwa asubuhi moja kwa mashine moja kwenye udongo uleule wenye chokaa nyingi, udongo ambao madini ya chuma yamo lakini mizizi haiyapati. Kazi ya shamba darasa ilikuwa hiyo tu, kuona ni aina ipi inayovumilia. Mtoto wa chekechea angetoa jibu bila kushuka kwenye gari.

Alama hutolewa kwa macho, moja hadi tano. Moja ni kijani, tano imekufa. Orvin aliupa mstari wa nne alama nne na nusu, na ile nusu iliyobaki aliusamehe. Kwa bahati mbaya, mstari wa nne ulikuwa wa Darrin Lokken.

Darrin alikuwa wakala wa mbegu katika mji wa Hegland, na alikuwa amemwoa binti wa Mama Ardis Brekhus. Mama Ardis ndiye mwenye karibu nusu ya ardhi ya upande huu wa mto. Orvin alikuwa na nyumba, banda la mashine, na safu ya miti ambayo babu yake aliipanda kukinga upepo. Shamba lote alilolima lilikuwa la mama huyo. Alilikodi tangu ujanani, na kila vuli mkataba ulirudiwa jikoni kwa kikombe cha kahawa na kupeana mikono, basi. Karatasi hakuna. Kumwomba mtu karatasi, kwa watu wa Hegland, ni kumwita mwizi mbele ya Mungu, na wao ni Walutheri safi mno kumwita mtu jina hilo. Ndiyo maana huibiwa kwa adabu. Na anayelima ardhi ya Mama Ardis hununua mbegu kwa mkwe wake. Hakuna aliyewahi kulitamka jambo hilo, na wote walilitii.

Pikapu nyeupe ilisimama kando ya shamba. Darrin hakushuka. Aliteremsha kioo tu.

"Mzee Orvin! Hali?"

"Si mbaya."

Nyumba ikiwaka moto, mtu wa Hegland atakwambia si mbaya.

"Naona ule wetu umechoka kidogo," Darrin alisema, akiunyooshea kidevu mstari wa nne.

"Umechoka? Unakufa ule."

"Taratibu, mzee. Alhamisi watu wanakuja kuona mistari. Kampuni ya mbegu inaleta hema, nyama, kila kitu. Mama mkwe naye atakuwepo. Sasa nataka tuelewane mapema. Theluji ilipoisha ukaingia kulima, udongo ulikuwa bado mbichi, siyo?"

"Ulikuwa mkavu. Ulikuwepo, Darrin. Ulisimama pale pale na hivyo viatu vyako vya kanisani."

Darrin alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, na alijua kuwa ni kizuri.

"Mimi sikumbuki hivyo. Sikiliza, bwana. Mbegu ile nimeshaiagiza ya kutosha wilaya nzima kwa mwakani. Majirani wamepita barabarani, wameiona. Nikisema mbegu ni mbovu, nimekwisha. Nikisema mkulima aliingia shambani na udongo mbichi, trekta ikaugandamiza, mizizi ikakosa pumzi, aah, hayo mbona hutokea. Utataniwa wiki moja, yanaisha. Mama mkwe anakupenda sana. Mpwa wangu anasumbua, anataka shamba, lakini namwambia kila siku, tulia, Orvin bado yupo."

"Bado nipo."

"Ndiyo maana yangu."

Kioo kikapanda. Orvin alibaki na jani la manjano mkononi, akalitupa, kisha akajiona mjinga kwa kulitupa kwa hasira namna ile.

Nyumbani Marlys, mkewe, alikuwa anakata keki za shayiri vipande vya mraba kwa ajili ya Alhamisi. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho bila kuacha kukata.

"Tuna pengine pa kulima?" aliuliza.

Orvin alivua kofia akaitundika mlangoni.

"Basi sema. Utakufa ukisema?"

"Kuingia na udongo mbichi, Marlys. Mimi! Baba yangu angenikana."

"Baba yako amelala nyuma ya kanisa, hali mkate. Sema."

Alhamisi walikuja. Walisimama kwenye hema na kofia zao za kampuni za mbolea, wakakaribishwa nyama, wakakataa. Wakakaribishwa tena, wakakataa tena, wakiapa kuwa wameshiba huku wakilitolea macho sinia. Mara ya tatu wakala mpaka sinia likang'aa. Ndivyo walivyo katika kila kitu. Ukitaka kujua wanachotaka watu hawa, angalia wanachokikataa.

Darrin alishika kipaza sauti akawaongoza kwenye mistari. Wa kwanza aliusifu kidogo. Wa pili, ule wa kijani, aliupita mbio. Kwenye wa nne alisimama, akavua kofia kama yuko msibani.

"Hapa, ndugu zangu, nataka tuwe wakweli. Mnaona wenyewe. Lakini mbegu hii ina alama mbili katika majaribio yetu yote. Mbili! Sasa hapa imekuwaje? Orvin ni muungwana, ataeleza mwenyewe. Karibu, mzee."

Orvin alisogea. Mama Ardis alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, fimbo yake magotini, anamtazama kwa upole. Yule mpwa alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Niliingia na udongo mbichi," Orvin alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akairudia kwa nguvu. "Niliingia kulima udongo ukiwa bado mbichi. Kosa ni langu."

Gaylen Moen, jirani wa upande wa kaskazini, akakohoa.

"Na huu wa pili? Haukulimwa siku hiyo hiyo?"

Lilikuwa swali la akili, na pengine ndilo la pekee lililoulizwa Hegland mwaka ule. Darrin alimgeukia kwa tabasamu.

"Swali zuri, Gaylen. Udongo hubadilika kila hatua. Wewe si ndiye unayelima kile kipande cha mama mkwe cha magharibi? Basi unajua mwenyewe."

Gaylen alijua. Akatazama ncha za viatu vyake.

"Kweli," akasema. "Hubadilika."

Na wanaume wazima, wenye macho yao mawili mawili, wamesimama mbele ya manjano na kijani vilivyotenganishwa na hatua chache, wakatikisa vichwa kukubali. Hapakuwa na mjinga hata mmoja kati yao. Ingekuwa afadhali wangekuwa wajinga. Walimpiga Orvin mabegani mmoja mmoja, wakamwambia itarudi kijani tu, mvua ikipata utaratibu, kisha wakaenda kwenye meza ya Darrin kuagiza mbegu ya mwakani.

Mama Ardis alimwita Orvin karibu na kiti chake.

"Mwanangu, sikujua."

"Ni mara moja tu, Mama Ardis."

"Marehemu mume wangu hakuingia shambani na udongo mbichi hata siku moja. Aliona bora achelewe, watu wamcheke. Ardhi ile aliniachia mimi niitunze." Alimshika mkono. Machozi yalikuwa yamemlenga, na hayakuwa ya uongo, jambo lililomwumiza Orvin kuliko yote. "Siwezi kumwachia mtu asiyeweza kuingoja ikauke. Ukishavuna, mwachie shamba kijana huyu. Unisamehe."

Orvin alimtafuta Darrin kwa macho. Alikuwa mezani, mbele ya Marlys, anachagua kipande cha keki yake.

"Darrin. Mwambie mama."

"Nimwambie nini, mzee?"

"Unajua."

"Umesema kwa mdomo wako mwenyewe, mbele ya watu wote hawa. Unataka nimwambie mama mkwe kwamba wewe ni mwongo?" Akauma keki. "Shemeji Marlys, hizi umezitendea haki."

Kiangazi kilichofuata Orvin alikuwa anapima malori kwenye ghala la nafaka la mjini. Kutoka dirisha la mizani aliweza kuona nchi ilivyo, manjano kuanzia barabara kuu mpaka mtoni, shamba baada ya shamba, la kijana likiwemo. Ilikuwa rangi mbaya, ya mgonjwa, na ilifuata mipaka ya mashamba bila kukosea.

Asubuhi wakulima walikutana kwenye mkahawa kama kawaida, Orvin naye akiwemo. Walikaa wameinama juu ya vikombe, kila mmoja na siri yake, mpaka Gaylen alipoifungua ya kwake.

"Nafikiri niliharakisha mwaka huu," alisema polepole. "Niliingia udongo ungali mbichi."

"Hata mimi," akasema mwingine, kwa nafuu.

"Na mimi. Sijui nilikuwa na haraka gani."

Majira yale ya kupanda mvua haikuwa imenyesha hata tone. Walipanda mbegu kwenye vumbi lililowalazimu kuwasha taa za trekta mchana, na kila mmoja alikuwa amelimeza.

Darrin alikuwa kaunta, analipia kahawa ya wote. Gaylen akamgeukia Orvin. Alishusha sauti, kwa heshima ile wanayompa mtu aliyefiwa.

"Orvin, wewe haya yalikukuta kabla yetu. Tuambie basi, mwenzetu. Ulifanyaje?"

Waliokuwa wamempa mgongo waligeuza viti vyao wapate kusikia vizuri.