Mstari wa Juu

Watu walimwita Mzee Ushahidi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Miaka thelathini na minane alikuwa karani wa masjala kuu ya vizazi na vifo, na tangu astaafu hakuna kikao cha ukoo kilichopita bila yeye kuinua kidole na kuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Harusini, ushahidi. Msibani, ushahidi. Wapwa wake wakimwona kwa mbali walivuka barabara.

Sasa alikuwa anaandika kitabu cha ukoo, na aliyemkwamisha ni babu yake mzaa baba. Bwana huyo aliaga akaenda kujenga daraja, akaacha mke, mtoto wa kiume wa miaka sita na binti wa miaka miwili. Hakurudi. Daftari la shemeji yake lilisema alifia hukohuko. Barua ya binamu ilisema ameonekana, tena amenenepa. Nyuma ya picha yake mtu aliandika "marehemu", mwingine akalikata neno kwa kalamu nyekundu.

Binti yule wa miaka miwili ndiye shangazi yake, sasa ana themanini na nane, na swali lake lilikuwa lilelile maisha yote: baba alikufa, au alitukimbia?

Basi Jumatatu Mzee Ushahidi akaenda masjala, akafungua daftari la vifo, akampata. Jina lake kamili. Tarehe, miezi mitatu baada ya kuondoka. Kazi: fundi saa. Ameacha: mke na watoto wanne, mtaa wa stesheni. Watoto wanne! Kumbe babu alikuwa na nyumba ya pili. Mtu mwenye akili angenyamaza kwanza, amfikirie bibi kizee wa watu. Yeye alikwenda mbio kwa shangazi, hata maji hakunywa, akamsomea yote kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

Shangazi aliinuka taratibu, akaigeuza picha ya baba yake, uso ukatazama ukuta. "Ahsante, mwanangu," alisema. "Sasa nimejua." Tangu siku hiyo chakula alikuwa anakirudisha kilivyo.

Alhamisi mstaafu wetu akarudi masjala kutoa nakala ya ukurasa ule. Akiwa kwenye foleni ya mashine, macho yakamwangukia marehemu wa mstari wa juu. Kazi: fundi saa. Ameacha: mke na watoto wanne, mtaa wa stesheni.

Loo! Mafundi saa wawili, wiki moja, mtaa mmoja, watoto wanne wanne? Akaanza kumlaani karani aliyeandika upuuzi ule. Mvivu! Mzembe! Hana haya! Matusi yalikuwa yameshafika kwa wazazi wa karani alipoitambua herufi M yenye mkia. Mkia ule aliufanyia mazoezi mwezi mzima ujanani, ili wasichana wa idara ya ardhi wauone.

Yote yakamrudia. Mwaka wake wa kwanza kazini paa lilivuja, madaftari yakalowa, yeye na wenzake wakapewa kuyanakili upya. Bosi alikuwa na amri moja: asione kisanduku kitupu. Palipofutika, makarani walishusha maneno ya mstari wa juu, wakagonga muhuri, wakaenda kula. Yeye alimaliza kabla ya wote, akasifiwa mbele ya watu.

"Ushahidi uko wapi?" alijiuliza, jasho likimtoka. "Ushahidi ni mimi, punguani mkubwa."

Mtunza stoo, mama mmoja asiye na haraka, alimtolea daftari la zamani, lilelile lililolowa, limefungwa kamba. Wino ulikwenda na maji. Lakini mama yule aliliinamisha dirishani, mwanga ukaingia kwa ubavu, na pale kalamu ilipokandamiza karatasi pakaonekana. Kazi haikusomeka. Chini yake palisomeka. Ilitaka subira ya dakika moja tu.

Njia ya dakika kumi kwenda kwa shangazi ilimchukua saa nzima. Akaketi, kofia mkononi, akaungama yote: muhuri, mstari wa juu, hata M na mkia wake.

"Kwa hiyo aliyeniharibia baba ni wewe?"

"Ni mimi, shangazi. Nisamehe."

"Ukaja kunisomea kwa madaha."

"Kwa madaha, shangazi."

"Mpumbavu wewe. Haya, soma ya kweli."

Akafungua karatasi. Sauti ya redio ilikuwa imemkauka. "Kazi haijulikani. Ameacha mke mmoja na watoto wawili."

"Soma tena."

"Mke mmoja. Watoto wawili."

Shangazi akahesabu kwa vidole, polepole. "Baba yako. Mimi." Vidole viwili vikabaki juu. "Kafia ugenini, na watu wa huko walijua kwamba tupo. Alikuwa anatutaja." Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Mzee Ushahidi naye alikuwa analia, kofia imekunjika mikononi.

"Unalia nini?" shangazi akamfokea. "Simama, mgeuze baba yangu!"