Uma wa Chuma

"Kata," alisema Thabiti.

Silvio, fundi baiskeli wa Mtawanya, hakukata. Alikuwa amechuchumaa uani kwa Thabiti, uma wa mbele wa baiskeli kuukuu ameubana kwa magoti, msumeno juu ya shingo ya uma huo, iliyozidi urefu wa fremu ya Thabiti.

"Kaka, huu ni mkavu kama mama mkwe. Hauna springi. Kila shimo litampanda mtoto mpaka kwenye meno. Na nikishakata, hakuna kurudi."

"Na ule wa shokapu?"

Silvio aliusukuma kwa mguu uma uliolala mchangani, bomba moja limepasuka, mafuta meusi yanavuja. "Huyu marehemu. Mwombee tu."

Ndani, Safina, binti wa Thabiti, alikuwa analia kwa sauti ndogo, ya mtu aliyechoka kulia. Alikuwa na miaka saba na ugonjwa wa seli mundu. Tangu alfajiri mifupa ilikuwa inamwaka moto, na dawa ya nyumbani imeshindwa. Mgongoni kwa mama yake hakukalika, nyonga zilikataa kupanuka. Bodaboda ya mara iliyopita ilimtingisha mpaka akazimia. Alichoweza kukikalia ni kiti kidogo ambacho baba yake alikifunga kwenye baiskeli ya gia, mbele, karibu na springi za shokapu. Leo, walipotoka tu uani kwenda hospitali, shokapu ikapasuka.

"Kata, fundi. Bismillahi."

Msumeno ulilia. Silvio akapaka grisi, akapanga gololi, akaipitisha shingo mpya kwenye fremu, akakaza nati. Uma wa chuma ulikuwa mfupi kuliko ule wa kwanza, na baiskeli ikasimama imeinama mbele, kama mtu aliye kwenye rukuu.

Mastura, mkewe Thabiti, akatoka na mtoto mikononi. "Baba Safina, punguza upepo kwenye tairi."

Akapunguza. Wakamkalisha juu ya mto wa sufi. Thabiti akaendesha taratibu, Mastura akikimbia kando.

Kwenye shimo la kwanza Safina aliuma kanga. "Baba, leo baiskeli ina hasira."

"Imefunga, mwanangu. Tukifika itafuturu."

Kwenye shimo la pili alipiga yowe, watu wakatoka madukani.

Thabiti akashuka. Akashika usukani kwa mikono miwili, akalinyanyua gurudumu la mbele, akalivusha shimo, akalishusha polepole. "Ya Latifu," akamwomba Mungu. Mastura akanyanyua nyuma, kwenye keria. Wakaenda hivyo, shimo kwa shimo, juani. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo. "Mzee, baiskeli inaendeshwa, haibebwi!" Wakanyanyua tena.

Paji la uso la Safina lilikuwa limemlalia Thabiti kwenye kifundo cha mkono, la moto. Kilio kilikuwa kimekoma, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Safina?"

"Nipo."

Shimo jingine. Ya Latifu.

"Safina?"

"Nipo, baba."

Mbele, mvua za juzi zilikuwa zimeila barabara upande hadi upande. Thabiti akanyanyua, akatafuta kwa macho mahali pa kushusha.

"Safina?"

Mastura naye akasimama, keria mikononi, akisubiri ile 'Nipo'. Gurudumu lilibaki hewani, likizunguka polepole.