Mama Mkwe Kwenye Darasa la Chekechea

Mfamasia alisifika hospitalini kwa jambo moja: hakosei. Madaktari walimletea karatasi zenye mwandiko kama kuku amekanyaga wino, naye akazisoma bila kukunja uso. Kwa hiyo Jumanne ile, muuguzi wa wodi ya watoto aliporudi dirishani na chupa mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, hii dozi ni ya mtu mzima," mfamasia alidhani anataniwa. Akaitazama lebo. Mwandiko ulikuwa wake. Mgonjwa alikuwa na miezi minane.

"Ameshapewa?"

"Ningempa ningekuwa nimesimama hapa?"

Akaketi juu ya katoni. Asubuhi hiyo alikuwa amemeza vidonge sita vya maumivu kabla hata ya chai, na mgongo uliomwanzishia vidonge hivyo ulikuwa umepona miaka miwili nyuma.

Mkuu wake wa kitengo, mwanamke asiyezungusha maneno, alifunga mlango wa ofisi.

"Nilikuwa najiuliza vidonge vya kabati la kufuli vinaenda wapi. Ripoti nitaandika, hilo halina mjadala. Lakini kuna watu nataka uwaone Jumamosi. Nenda, ili ripoti nayo ipate mstari mmoja wa kukutetea."

Jumamosi alimwambia mkewe ana semina. Mkewe alikuwa anapiga pasi. "Haya, nenda salama," alisema, macho hakuyainua.

Kilikuwa kikundi cha watu wenye taaluma zao walionaswa na pombe, vidonge au kamari, na walikutana kwenye darasa la chekechea kwa sababu Jumamosi lilikuwa tupu. Ukutani palibandikwa herufi kubwa na twiga wa karatasi. Mhadhiri mmoja, rubani na daktari wa meno walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki vya watoto, magoti yakikaribia videvu. Mwanamke aliyekuwa anafuta ubao aligeuka kumkaribisha mgeni.

Alikuwa mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo alikuwa hakimu. Miaka saba ya ndoa, mfamasia hakuwahi kukaa naye kochi moja. Hata akiongea naye kwa simu, alijikuta anafunga kifungo cha juu cha shati. Sasa akili ilimruka, mdomo ukabaki peke yake kazini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba," alijibu hakimu, na kifutio kikamdondoka.

Mfamasia aligeuka akatoka. Alifika kwenye ukumbi mwembamba wenye kulabu za kutundikia mikoba ya watoto, akasikia viatu vya mama mkwe nyuma yake.

"Usiondoke. Wa kuondoka hapa ni mimi."

"Mama, nimekosea mlango tu. Nilikuwa natafuta semina."

"Baba, nimesikiliza uongo miaka ishirini, tena wa watu waliolipa mawakili. Huo wako hata hausimami."

Alishusha pumzi, akaongea haraka kama mtu anayebandua plasta.

"Mimi ni pombe. Pombe kali, kwenye chupa ya chai, mezani kwangu, kesi ikiendelea. Miaka kumi na moja sasa sijaigusa."

Mfamasia alimkodolea macho. Kumbe ndiyo maana siku ya harusi alikataa hata chupa moja ya pombe kuingia ukumbini, wajomba wakanung'unika mpaka asubuhi! Watu wote walisema ni dini. Mfamasia mwenyewe alisema ni roho ngumu.

"Mke wangu anajua?"

"Ndiye aliyenileta. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alinikokota kwa mkono mpaka mlango ule pale."

Miaka saba wamelala kitanda kimoja, na mkewe hajatamka neno! Kisha wazo jingine likamjia.

"Na langu? Langu analijua?"

Hakimu aliinamisha kichwa.

"Mwezi wa tatu alinipigia simu. Akasema, 'Mama, imerudi. Safari hii iko nyumbani kwangu.'"

"Mbona hakuniambia?"

"Mimi aliponiambia mara ya kwanza, nilimpiga kofi. Sijui kama aliwahi kukuonyesha kovu la pete yangu, hapa chini ya jicho."

Alilijua kovu lile. Aliambiwa ni kuanguka kwenye baiskeli.

Mama mkwe alisema kipo kikundi kingine, angehamia huko ampishe. Mfamasia alifikiria kile kichanga cha miezi minane, na jinsi ambavyo angewalaghai watu asiowajua kwa maneno matamu wiki baada ya wiki.

"Baki, Mama. Wengine nitawadanganya. Wewe nitashindwa."

Wakarudi ndani. Alikaa kwenye kiti chekundu, akasema, "Mimi ni mfamasia. Jumanne nilikaribia kuua mtoto." Rubani alimsogezea maji, na hakimu akalia waziwazi mbele ya mkwewe.

Nyumbani mkewe aliuliza semina ilikuwaje.

"Mama yako anakusalimia," alijibu.

Mkewe alikaa chini sakafuni palepale, akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, naye mfamasia akaketi kando yake hadi chai ikapoa. Halafu akaenda mwenyewe kutoa vidonge vyote alikovificha. Mkewe alimwonyesha kificho kimoja ambacho mfamasia alikuwa amekisahau.

Ripoti iliandikwa. Mfamasia aliondolewa dirishani mwaka mzima, akapelekwa bohari kupanga glavu na bandeji. Mwezi wa tano tangu aache vidonge, aliteleza. Akampigia mama mkwe mchana kweupe.

"Mama, nimemeza viwili. Niko kwenye gari nje ya duka la dawa, lile la karibu na mahakama yako, vingine viko mkononi."

"Baki hapohapo."

Alimwona anakuja kwa miguu kutoka mahakamani, joho jeusi bado mwilini, watu wakimpisha njiani. Alifungua mlango wa gari, akaketi, akanyoosha kiganja.

"Lete, mwanangu."