Miwani Isiyohitaji Mkanda

Mwenye duka la vifaa vya kuzamia alikuwa na wivu, tena wivu hasa, wala yeye mwenyewe hakujisumbua kuuficha. Alimwonea wivu mdogo wake wa tumbo moja, yule waliyemwita Kitinda, aliyekuwa akiuza vifaa hivyohivyo kwa simu, kajilaza zake kitandani, hana mlango wa kufungua asubuhi wala mtungi wa kujaza hewa. Watu walikuja dukani kwa dada mtu, wakajaribu suti za mpira mpaka jasho likawatoka, wakapiga picha namba ya saizi, wakasema "ngoja nifikirie kwanza", kisha wakaenda kuagiza kwa Kitinda. Roho ilimuuma kweli.

Basi siku hiyo akaingia fundi wa kuchomelea vyuma, mwembamba wa uso, aliyepata kazi ya kukarabati nguzo za daraja chini ya maji. Alikwisha jaribu miwani saba za kuzamia, zile zinazofunika mpaka pua, pale simu yake ilipolia. Kwenye kioo ikatokea picha ya Kitinda, na meno yake yote. Fundi akaikata haraka.

"Ahaa," dada mtu akasema moyoni. "Na huyu naye!"

Wazamiaji wote wanajua kwamba miwani hupimwa bila mkanda: unaibandika usoni, unavuta hewa kwa pua, unaachia mikono. Ikishika ni yako, ikidondoka si yako. Safari hii dada mtu aliruka hatua hiyo makusudi. Akamvika fundi ile pana kuliko zote, akakaza mkanda mpaka mtu wa watu akatoa macho.

"Imekukaa kama umezaliwa nayo," akasema bila haya. Akaiagize basi, ivuje, aende akagombane na Kitinda wake hukohuko kwenye simu. Raha iliyoje!

"Haya, nifungie hii hii."

"Hupigi picha?"

"Picha ya nini, dada? Mdogo wako kakataa kuniuzia. Kasema miwani hainunuliwi kwa simu, niende kwa dada yake, yeye hakosei uso wa mtu. Ndiyo alikuwa anapiga kuuliza kama nimefika."

Uso ulimwaka mwenye duka. Wivu haukumtoka, tusidanganyane. Ulizidi, maana sasa Kitinda alikuwa amemshinda hata kwa wema. Angeweza kunyamaza. Mfuko ulikuwa tayari mkononi mwa fundi. Akanyoosha mkono, akauchukua.

"Hiyo itavuja, kaka. Nimekudanganya."

Mwenye duka akatoa nyingine, nyembamba, akambandika bila mkanda, akamwambia avute hewa kwa pua. Fundi akavuta, akaachia mikono. Miwani ikashika barabara.

Lakini hakuomba afungiwe. Alitoa simu, miwani ingali usoni, akampigia Kitinda.

"Dada yako anasema hii ndiyo yenyewe," akasema kwa sauti ya mtu mwenye mafua. "Nimwamini?"