Dishi Kubwa na Dishi Dogo

Kazi yake ilikuwa mitandao isiyo na waya, na watu, kwa utani wao, walimwita Waya. Leo hakuwa na hamu ya utani. Tangu asubuhi alikuwa akipanda na kushuka ngazi ya zahanati, akipima madishi mawili yaliyofungwa juu ya paa, yote yakitazama hospitali ya mjini ng'ambo ya bonde. Moja lingebaki, jingine lingeng'olewa, na mwenye kuamua ni yeye.

Dishi kubwa lilikuwa lori: mzigo wa ajabu, ila njia ikijaa linakwama kwenye foleni. Dogo lilikuwa baiskeli, mzigo kiduchu lakini linaondoka papo hapo. Waya alipima mzigo wa data, akapima na muda wa ujumbe kwenda na kurudi, akaona kubwa wala halichelewi. Akalichagua. Nani angemlaumu? Sote tunapenda kikubwa. Tatizo ni kwamba muda aliupima njia ikiwa tupu, kama mtu anayeisifu barabara alfajiri wakati wenzake wamelala.

Mchana mdogo wake aliingia akiwa ameshika kiuno, mimba ya miezi minane mbele yake.

"Dada, mtoto hachezi. Tangu jana."

Mvua ilikuwa imebeba daraja, kwenda mjini hakukuwezekana. Mkunga wa zahanati akamlaza, akampaka jeli tumboni, akawasha mashine ya altrasaundi. Mashine yenyewe alikuwa bado anajifunza. Mkono ulikuwa wake, macho ya daktari, aliyekaa kule mjini akitazama picha na kumwelekeza. Waya alisimama kando ya kitanda na kompyuta mkononi, roho juu, mguu haumtulii.

Picha ilikuwa safi ajabu.

"Sogeza kulia," daktari alisema kwenye spika. Mkunga akasogeza. "Simama hapo! Aa, umepita. Rudi. Umepita tena!"

"Daktari, mbona nimesimama zamani!" Jasho lilikuwa linamtiririka mkunga.

"Kuna nini?" mdogo wake Waya aliuliza. "Mbona mnagombana?"

Waya aliangalia kompyuta. Njia ilikuwa imejaa pomoni, picha zinapanga foleni kusubiri zamu ya kuvuka bonde. Daktari alikuwa akiona mkono ulikokuwa, siyo ulipo. Kosa langu, alijiambia, kosa langu mwenyewe. Na aliyesema haraka haraka haina baraka hakuwa na ndugu yake kitandani.

"Daktari, nahamia dishi dogo," alisema. "Picha itakuwa mbovu."

"Ije mbovu, mradi iwahi."

Akapunguza ukubwa wa picha, akachomoa waya mmoja, akachomeka mwingine. Picha ikarudi na chengachenga, kijivu juu ya kijivu.

"Kulia," daktari alisema, na mkono ukaenda kulia. "Simama." Ukasimama. Sauti na mkono vilikuwa vinakwenda pamoja sasa, na Waya, Mungu amsamehe, alifurahi. Nusura acheke. Kwenye kioo kifua cha mtoto kilijitokeza, mbavu zimejipanga vizuri. Moyo ulionekana katikati, na hakuna kilichocheza pale.

"Usisogeze," daktari alisema. Halafu hakusema kitu.

Waya alisubiri. Akatazama namba za muda wa ujumbe kwenye kompyuta, akazitazama tena, maana alitaka sana zimdanganye. Dishi kubwa lingempa pa kujificha: angejiambia neno liko njiani, linakuja. Hili halikumwachia hata hilo. Kila kitu kilikuwa kinafika hapo hapo. Daktari alikuwa amenyamaza tu, na mkunga naye alikuwa ameinamisha uso.

Mdogo wake akageuza kichwa kwenye mto.

"Dada, mtandao umekwama tena?"

"Ndiyo, mdogo wangu," Waya alisema. Akafunga kompyuta, akamshika mkono. "Umekwama kidogo."