Siku Mega Alipoishika Simu Mpya

Kinyozi huyo watu walimwita Mega, na si kwa ukubwa wa mwili, maana mwili wenyewe ulikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio. Jina walimpachika wateja, kwa sababu hakuwahi kumnyoa mtu kichwa bila kumtajia megapikseli. Ukikaa kwenye kiti chake, akakufunga kitambaa shingoni, mashine haijaanza kunguruma umeshaambiwa kamera ya simu fulani inaona nini gizani, betri ya nyingine inadumu vipi, na kwa nini hiyo uliyoishika wewe, pole sana, ni ya kusikitisha. Siku moja alinogewa na habari za prosesa hadi akamkata mwalimu mmoja nusu ya nyusi. Mwalimu alishinda na miwani myeusi mpaka nyusi ilipoota. Mega mwenyewe ndiye aliyeisambaza habari hiyo kwa wateja wapya. "Nusu ya pili nilimwachia kama akiba," alisema, akicheka mpaka mashine ikamtikisika mkononi, jambo ambalo halikuwatuliza wateja hata kidogo.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakulifanyia mzaha. Simu zote hizo alizozisifu na kuziponda, hakuwahi kuzishika. Alizijua kwa video na kwa picha, tena akizitazama kwenye simu yake kongwe iliyopasuka kioo, ambayo haikukubali kuwaka mpaka ichomekwe kwenye chaji. Kwa hiyo ilishinda imefungwa ukutani karibu na chupa ya spiriti, kama mbuzi kwenye kamba. Mega akitaka kuitumia ilibidi asimame pale pale, shingo upande. Na hapo ndipo alipoandikia hukumu zake ndefu, kwenye kundi la mtandaoni la mashabiki wa kampuni moja ya simu.

Yeye ndiye aliyekuwa admini. Watu wa mbali, wasioijua sura yake wala shingo yake iliyopinda, walimwuliza mambo kwa unyenyekevu kama wagonjwa mbele ya daktari, naye hakuwahi kumjibu mtu "sijui". "Mkononi inakaa vizuri," aliwahi kuandika kuhusu simu iliyotoka asubuhi ya siku hiyo hiyo, nchi nyingine, "ila mgongo unateleza kidogo." Mgongo wenyewe aliuona kwenye tangazo.

"Mimi nikimweleza mtu habari za dawa nisiyoijua, wananifunga," mkewe alimwambia jioni hiyo, alipousoma ujumbe huo. Alikuwa muuzaji wa duka la dawa, mtu wa maneno machache yaliyopimwa.

"Simu haiui mtu, mke wangu."

"Ngoja watu wajue."

Hazikupita siku nyingi, ukaja ujumbe. Kampuni ilikuwa inaleta simu yake kinara, ile ya juu kabisa kuliko zote walizowahi kutengeneza, na duka kubwa la simu la mjini lilitaka shabiki mmoja apande jukwaani, aishike mbele za watu, aseme anavyoiona, huku wengine wakitazama moja kwa moja mtandaoni. Waliliomba kundi limtaje mtu. Kundi zima, kwa sauti moja, likamtaja admini.

Mega aliusoma ujumbe huo huku mteja amekaa na kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Aliusoma tena. Kisha akamkumbatia mteja.

Kutoka siku hiyo akawa hakamatiki. Alifanya mazoezi bafuni mbele ya kioo, ameshika kipande cha sabuni ya kufulia, kwa kuwa ndicho kitu pekee nyumbani chenye urefu na unene unaokaribia wa simu yenyewe. Alikizungusha, akakiinamisha kwenye mwanga, akakipitisha kidole gumba taratibu. "Mabibi na mabwana," alikiambia kioo, "tazameni kingo hizi."

Mlango ukagongwa. "Unaongea na nani humo?" mkewe aliuliza.

"Nafanya mazoezi ya simu."

"Simu ipi?"

Mega alikitazama kipande kile mkononi. "Sabuni," akasema mwishowe.

"Haya, iage. Watoto wanataka kuoga."

Siku yenyewe alivaa shati jeupe, akasugua mikono kwa spiriti mpaka ngozi ikapauka, kusudi asiichafue simu kwa mafuta ya nywele. Mkewe aliomba ruhusa kazini. Na mama mkwe, mkunga mstaafu aliyekuwa amekuja kuwatembelea, hakukubali kuachwa nyumbani. "Mkwe wangu anapanda jukwaani, mimi nibaki naangalia sufuria?" alisema. Alitangulia hadi mstari wa mbele, akamwondoa kijana mmoja kwenye kiti kwa kumtazama tu, akaketi na mkoba wake mapajani.

Duka lilikuwa limejaa. Taa kali zilimulika jukwaa dogo, na nyuma yake kulikuwa na skrini kubwa kama ukuta. Mshereheshaji, aliyevaa koti linalometameta, alimtangaza Mega kuwa ni "mtaalamu wetu", na hapo kichwa cha Mega kikavimba papo hapo, akakisikia kabisa kikivimba.

Msichana wa duka alimnong'oneza, "Kaka, subiri hapa kidogo. Simu naifuata ndani, nilikuwa naiongezea chaji."

Mtu mwenye akili zake angesubiri. Lakini pale pembeni, juu ya kibao cha kioo, ilikuwepo. Nyembamba, rangi ya maji ya kina, kioo chake kimejaa picha ya maua yanayochanua. Mega alikuwa ameiota simu hiyo kwa miezi. Alikwisha kuandika habari zake kurasa kwa kurasa. Mkono ulikwenda wenyewe, akaja kuapa baadaye. Yeye aliufuata tu.

"Mabibi na mabwana," alisema, akaiinua.

Makofi yakapigwa. Kamera ya mtandaoni ikamsogelea.

"Kitu cha kwanza ni uzito," Mega alisema, na sauti yake ikawa nzito kama ya msoma taarifa ya habari. "Watu wengi watadhani ni nyepesi. Kweli ni nyepesi. Lakini huu ni wepesi wa kitaalamu. Chuma hiki ni cha vyombo vya angani. Unausikia ubaridi wake unapanda mpaka kwenye kiwiko."

Mshereheshaji aliguna kwa heshima.

"Kioo sasa. Kioo!" Alipitisha kidole gumba kama alivyozoea kwenye sabuni. Maua hayakutikisika. Alipitisha tena. Jasho jembamba likamtoka mgongoni, lakini mdomo ulikuwa umeshaondoka kama gari lisilo na breki. "Mnaona ilivyotulia? Simu nyingine ukizigusa zinarukaruka, hazina adabu. Hii haina papara. Na rangi hizi, hata ukiitazama upande, hata juani, hazibadiliki."

Hapo alikuwa anasema kweli tupu. Hazikubadilika.

"Mkwe," ilisikika sauti ya mama mkwe kutoka mstari wa mbele, sauti iliyokwisha kuwaamrisha akina mama wengi kusukuma, "iwashe basi tuone."

"Imewaka, mama."

"Imewaka wapi? Mbona haina mwanga? Ya kwangu hii ya bei ya chini ina mwanga."

Watu wakacheka kidogo. Mega alikuwa anatafuta jibu la kitaalamu msichana wa duka alipotokea mlangoni, ameshika kwa mikono miwili simu nyingine, sawasawa na ile, ila hii iling'aa mpaka ikammulika kidevuni. Alimwona Mega. Alisimama.

"Kaka," alisema, na kipaza sauti cha mshereheshaji kikalinasa kila neno, "hiyo ni ya kuweka dirishani. Ni plastiki. Maua ni karatasi ya kubandika."

Kuna vicheko vya aina nyingi, na Mega, mtu wa saluni, alivijua vyote. Hiki hakuwahi kukisikia. Kilianzia nyuma, kikaja mbele kama maji yaliyovunja ukingo, na katikati yake mama mkwe alikuwa anauliza kwa sauti, "Kasemaje? Plastiki?"

Mega alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, ilikuwa sakafu ya vigae, imara kabisa. Katika dakika hiyo zilimjia njia zote za kutorokea. Azimie. Aseme alijua tangu mwanzo, alikuwa anawapima watazamaji. Hii ya pili ilikuwa nzuri, na alikwisha kufungua mdomo kuisema, macho yake yalipokutana na ya mkewe. Mkewe alikuwa ameuma ncha ya mtandio asicheke, mabega yanamtetemeka, machozi yanamlengalenga. Hakuwa anamwonea aibu. Alikuwa anasubiri tu kusikia atasema nini.

"Ndugu zangu," Mega alisema, "nimeisifu plastiki."

Akairudisha simu hiyo ya plastiki juu ya kibao.

"Tena nimesikia ubaridi mpaka kwenye kiwiko. Sijui ulitoka wapi. Labda nina homa." Watu wakaanza kucheka upya, na kicheko hiki alikijua, cha mtu anayemsogezea mwenzake kiti. "Na kwa kuwa tumefika hapa, nimalize kabisa. Mimi ni kinyozi. Sijawahi kushika simu kinara hata moja maishani mwangu. Nyingi nilizowaandikia, niliziona kwenye matangazo. Hii ya leo niliifanyia mazoezi kwa sabuni."

"Ya kufulia!" mkewe alipaza sauti kutoka mstari wa mbele.

"Ya kufulia," Mega alikubali.

Mshereheshaji alikuwa anamtazama mwenye duka kama mtu anayeomba msaada. Msichana alitabasamu, akapanda jukwaani, akamkabidhi Mega simu yenyewe.

Akaishika. Ilikuwa nzito. Jambo la kwanza lililomshangaza ni hilo. Kidole chake kilipogusa kioo, kurasa zikateleza kabla hajamaliza kukusudia, akashtuka kidogo akauvuta mkono. "Ni nzito," alisema. "Inachosha kidole hiki cha mwisho. Inakwenda haraka kuliko mimi. Ngoja nijaribu kamera."

Aliyekuwa karibu zaidi ni mama mkwe, ambaye tayari alikwisha kunyoosha mgongo na kurekebisha kilemba. Picha ikatokea kwenye skrini kubwa, kila mstari wa uso wake ukiwa mkubwa kama barabara.

"Hee!" mama mkwe alisema. "Ipunguze hiyo mikunjo, mkwe. Watu wanatazama."

Mega alitafutatafuta, akapata sehemu ya kulainisha uso, akaigusa. Mikunjo ikafutika. Kovu dogo la kidevuni likafutika. Mama mkwe akawa binti wa miaka thelathini, shavu kama yai.

Mama mkwe aliitazama picha hiyo kwa muda. "Huyo ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, mama."

"Mimi nina kovu. Nililipata nikikimbilia kuzalisha mtu, nikaanguka ngazini. Nirudishie kovu langu."

Mega alijaribu. Mikunjo ilirudi, kovu likagoma. Kila alipopiga picha upya, simu ililifuta. Mwishowe aligeukia kamera ya mtandaoni. "Jamani, mimi leo si wa kuaminiwa," alisema, "lakini hili nimeliona kwa macho. Kamera yake ni kali ajabu, ila ina ujuaji. Inamsahihisha mtu bila kuombwa. Na imeanza kupata moto hapa kiganjani. Mengine siyajui. Sijakaa nayo."

Mwenye duka akapanda haraka, akachukua kipaza sauti, akaanza kueleza habari za punguzo la kava.

Njiani kurudi nyumbani Mega alitembea kimya. Mama mkwe alimshika mkono. "Nimefurahi," alisema. "Nilidhani yatakuwa mambo ya hotuba."

Video ilienea kuliko tangazo lolote la kampuni. Kwenye kundi walimtukana, wakamtania, wakatengeneza picha za sabuni zenye kamera. Mega alizisoma zote akiwa amesimama ukutani, shingo upande. Nyingine zilimchoma, mbili tatu zilimchekesha mpaka akaziwekea alama ya kucheka. Kisha akamwachia mwanamke mmoja fundi wa redio uadmini, kwa kuwa katika kundi zima ndiye pekee aliyewahi kuandika "sina uhakika". Duka halikumwalika tena, na kwa kweli hakulilaumu.

Saluni ilijaa. Watu walikuja kumwona aliyesikia ubaridi wa plastiki, na wakishakuja walinyolewa. Walimdai asimulie, naye alisimulia, akiongeza chumvi kwenye upumbavu wake kila mara, mpaka mkewe akamwonya kwamba sasa anajisifia ujinga.

Wiki iliyofuata alikuja seremala mmoja, vumbi la mbao bado limo nyusini. Alikaa, akafungwa kitambaa, akasema hakuja kwa ajili ya kicheko. Alitaka kumnunulia mama yake simu. "Wewe unazijua," alisema. "Ipi ni nzuri?"

Midomo ya Mega ilifunguka, na humo ndani maneno yalikuwa yamejipanga tayari, prosesa mbele, betri nyuma. Aliizima mashine, akakizungusha kiti mpaka akawa anaonana na seremala uso kwa uso.

"Mama anaona vizuri?" aliuliza.

"Jicho moja tu."

"Anasikia?"

"Ukipaza sauti."

"Na akiwa na simu anataka kufanya nini?"

Seremala alifikiri, akajipangusa vumbi usoni. "Sijamwuliza," alisema.

"Basi kamwulize kwanza," Mega alisema, akamrudisha kuelekea kioo. "Mimi nimalize hiki kichwa."