Shangazi Ameshuka

Shangazi Mkubwa alikuwa hajakanyaga ardhi tangu lifti ya jengo lao ilipokufa. Na lifti ile ilikufa kifo cha kweli, maana hata mafundi waliokuja kuitibu waliing'oa milango, wakaondoka nayo. Aliishi ghorofa ya tano, magoti yakiwa yameshastaafu, na dunia yake ilibaki kuwa dirisha, redio, na binti wa kaka yake aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Binti huyo, sijui niseme kwa bahati au kwa mzaha wa Mungu, alikuwa mratibu wa watu wa kujitolea katika chama kiitwacho Tushushane. Kazi ya chama ilikuwa moja: kuwabeba kwa kiti wazee na wagonjwa wanaoishi juu na kuwafikisha chini. Kiti kimoja, wabebaji wanne. Kazi ya mgongo na jasho, haina siri yoyote. Tatizo ni kwamba hao wanne hawakuwa wakipatikana, ndipo Mkurugenzi akafungua ukurasa mtandaoni.

Ukurasa ulinoga. Wafuasi wakaja kama mchwa wa masika. Kila aliyeandika "Nipo" chini ya tangazo, Mratibu alitakiwa amjibu, "Asante, shujaa." Mashujaa wakawa wengi hata vidole vikamuuma, ila wa kushika kiti bado walikuwa wa kuokoteza.

Sasa sikia jambo lenyewe. Shangazi Mdogo, kitinda mimba wa familia, alikuwa anaolewa na fundi saa mstaafu, mgane mpole mwenye upara unaong'aa. Harusi ilipangwa uani, chini ya jengo lilelile, makusudi kwa ajili ya dada yake.

"Sitamki neno mpaka Dada akae pembeni yangu," alisema Shangazi Mdogo. "Nimesubiri mume mpaka nikaota mvi. Nitashindwa kusubiri ngazi?"

Shangazi Mkubwa alipoambiwa, alizima redio. "Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea, yule," akasema. "Nataka nimsikie kwa masikio yangu akisema anakubali. Nikishamsikia, hata mkinisahau huko chini ni sawa."

Mratibu hakulaza damu. Alimpiga shangazi yake picha pale dirishani, akaiweka kwenye ukurasa na maneno machache: anatafuta watu wanne wenye nguvu, Jumamosi asubuhi. Kufika jioni watu mia kadhaa walikuwa wameshajitolea. Mmoja alijitolea kutoka bara jingine. Mwingine aliandika kwamba yupo kiroho. Mwanamke mmoja aliuliza kama anaweza kumbeba Shangazi siku nyingine, Jumamosi ana saluni.

"Usimkatalie mtu," Mkurugenzi alimwonya. "Ushiriki ni ushiriki."

"Mkurugenzi, kiti kina mipini minne tu."

"Huo ni mtazamo finyu, dada yangu."

Pale ofisini walikuwa na desturi moja. Shukrani ziliandikwa kabla ya kazi, kwa sababu baada ya kazi watu huwa wamechoka na shukrani zinatoka baridi. Ziliandikwa mapema, zikapangiwa saa, zikajitokea zenyewe ukurasani. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri, huku chai ikichemka, Mratibu aliandika: SHANGAZI AMESHUKA! ASANTENI MASHUJAA! Akazipangia shukrani hizo saa nane mchana. Harusi ilikuwa saa tisa. Alijiona amejipanga vizuri, na kusema kweli alifurahi sana asubuhi ile.

Mashujaa walikuja. Walikuja sitini na ushei, wamevaa fulana za chama zilizoandikwa MBEBAJI kifuani, na kila mmoja kashika simu. Ngazi zikajaa kuanzia chini hadi juu, hata mpangaji wa ghorofa ya tatu aliyetoka kutupa takataka alishindwa kurudi kwake. Mkurugenzi alipanda na simu yake iliyofungwa kwenye kijiti, akamwachia Mratibu kazi ya kupokea watu getini na kuwaandikia majina kwenye vibandiko.

Mratibu alifuatilia kwa simu, laivu, kama watu wengine wote. Alimwona shangazi yake akiinuliwa, kanga ya kutokea ikiwa begani, akishuka ngazi za kwanza huku ameng'ang'ania mikono ya kiti. Machozi yakamlengalenga. Kisha akasikia sauti ya Mkurugenzi: "Simameni! Haikurekodi. Mrudisheni, tuanze upya."

Wakamrudisha. Wakaanza upya. Safari hii mbebaji mmoja aliachia mpini ili ajipige picha, wengine wakayumba, na Shangazi akasikika waziwazi akimtaja mama wa mtu. Mara ya tatu mwanga haukufaa. Mmoja akasema ngazi za juu zina dirisha, basi wakapanda kidogo kutafuta jua. Watu elfu kadhaa waliokuwa wakitazama wakamtia Shangazi moyo kwa mioyo myekundu.

Getini Mratibu aliendelea kubandika vibandiko. Uani viti vilishapangwa, bwana harusi amekaa akiangalia saa yake, na msajili wa ndoa alikuwa akilalamika kwamba ana harusi nyingine upande wa pili wa mji na hawezi kungoja hadi saa tisa. Shangazi Mdogo, ndani ya gauni lake la rangi ya maziwa, alitazama mlango wa ngazi. Kiti cha pembeni yake kilikuwa wazi, naye aliweka mkono juu yake mtu asije akakikalia.

Ilipogonga saa nane, simu zote uani zikalia kwa pamoja. SHANGAZI AMESHUKA! Watu wakapiga makofi.

"Si mnaona? Ameshashuka," alisema msajili. "Yuko hapo kwenye msongamano, analetwa kitini. Mimi naondoka, au tufunge?"

Mratibu aligutuka. Akatazama laivu. Nyuma ya kichwa cha Shangazi palionekana kamba ya nguo, shuka mbili zinapepea, na tangi la maji. Na tangi la maji la jengo lile lilikuwa paani.

Alikimbia. Ila uani tayari msajili alikuwa anasoma maneno yake harakaharaka, na ngazini mashujaa sitini walikuwa wakiteremka, wanacheka, wanamkumbatia kila mmoja kwa zamu. "Tumeweza, dada! Umati umelia!" Kupenya kwake kulikuwa sawa na kuogelea ndani ya uji. Alipofika ghorofa ya nne, makofi yakavuma tena kutoka chini, marefu kuliko yale ya kwanza, na moyo ukampasuka.

Shangazi Mkubwa alikuwa paani peke yake, kwenye kiti, chini ya shuka za watu.

"Wamesema wanakwenda kunywa maji," akasema. Halafu akauliza, "Yale makofi ya nini?"

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekuuliza ya nini."

"Amekubali. Niliandika asubuhi kwamba umeshuka. Wameamini."

Shangazi hakulia, na hilo ndilo lililomliza Mratibu. Bibi yule alijishusha taratibu kutoka kitini, akajiburuta hadi mlangoni, akakaa kwenye ngazi ya kwanza kabisa. "Pita mbele yangu," akaamuru. "Nikianguka, niangukie wewe." Akasogeza makalio. Ngazi moja. Akahema. Ya pili.

Walikuwa wamefika ghorofa ya nne waliposikia hatua zinapanda. Alikuwa bibi harusi, viatu mkononi, uso umelowa jasho na wanja.

"Nimesema neno nikijua umeshakaa, nikageuka nikushike mkono," alisema. "Nikashika kiti kitupu, Dada."

"Rudia hilo neno."

"Msajili ameshaondoka."

"Mimi msajili ananihusu nini? Nimekwambia urudie."

"Nakubali," alisema Shangazi Mdogo.

"Sauti."

"Nakubali!"

Shangazi Mkubwa alifumba macho. Halafu akachungulia nyuma ya gauni. "Unamkubali nani? Mbona simwoni mtu?"

"Amekwama ghorofa ya pili. Anasema kifua kimebana, nimtangulie."

"Tumfuate, basi. Kaa chini, na wewe usije ukateleza na hilo gauni."

Bibi harusi akaketi kando ya dada yake, wakashikana mikono, wakaanza kuteremka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, Mratibu akiwashikilia miguu huku analia na kucheka. Fundi saa walimkuta amekaa sakafuni, koti kalivua, anatafuta pumzi. Shangazi Mkubwa alimkagua kuanzia viatu mpaka upara.

"Mdogo wangu nimeshamsikia," akasema. "Haya, na wewe sema."